Seattle Mariners: Tuzo tele kabatini, fainali kuu bado ndoto

KLABU ya besiboli ya Seattle Mariners, yenye makao yake katika jimbo la Washington kaskazini magharibi mwa Marekani, imezalisha wachezaji ambao majina yao yamo katika kila kitabu cha rekodi za mchezo huo. Mmoja wao alipiga mapigo salama mengi zaidi katika msimu mmoja kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi kuu. Mwingine ndiye mdakaji wa kwanza kufikisha homurani 60 katika msimu.

Hata hivyo, hadi msimu wa 2025 ulipofikia tamati, klabu hiyo iliyoasisiwa 1977 ilikuwa ndiyo pekee kati ya klabu 30 za ligi kuu ambayo haijawahi kucheza fainali ya World Series. Si kwamba imeshindwa katika fainali. Haijafika huko hata mara moja.

Makala haya yanaorodhesha tuzo kuu za klabu hiyo na vinara wake wa takwimu, na kueleza ni kwa nini hesabu za mchezaji mmoja mmoja, hata ziwe za kuajabiwa vipi, hazikutosha kuiletea timu taji.

JINSI YA KUSOMA TAKWIMU

Besiboli huchezwa kwa raundi tisa. Mrushaji wa timu moja humtupia mpira mpigaji wa timu pinzani, naye mpigaji huujibu kwa gongo. Akifaulu kuupiga na kufika katika kituo cha kwanza bila kutolewa, amepata pigo salama. Akivizunguka vituo vyote na kurejea nyumbani, timu yake hupata alama moja. Mpira ukivuka ua la uwanja, mpigaji huzunguka vituo vyote bila bughudha, na hiyo ndiyo homurani. Msomaji aliyezoea kriketi anaweza kuifananisha na mpira unaovuka mpaka bila kugusa ardhi.

Wastani wa mpigaji hupatikana kwa kugawanya mapigo salama kwa idadi ya nafasi alizopata. Wastani wa 0.300, yaani mapigo salama 300 katika kila nafasi 1,000, huhesabiwa kuwa wa mchezaji hodari. Hesabu nyingine muhimu ni ya alama alizoleta kwa gongo lake, yaani wenzake wangapi walirejea nyumbani kutokana na pigo lake, pamoja na vituo alivyoiba kwa kukimbia kabla mpira haujapigwa.

Kwa mrushaji, hesabu tatu hutajwa sana. Ya kwanza ni idadi ya mechi anazoandikiwa kuwa ameshinda au kushindwa. Ya pili ni wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu. Ya tatu ni wastani wa alama anazofungwa kwa kila raundi tisa. Kadiri wastani huo unavyokuwa mdogo ndivyo mrushaji anavyosifiwa. Mrushaji anayeingia mwishoni kulinda uongozi mwembamba wa timu yake huandikiwa kuwa ameokoa mechi.

Tuzo kuu hupigiwa kura na Chama cha Waandishi wa Besiboli wa Marekani. Kila moja ya ligi mbili, American League na National League, huwa na Mchezaji Bora, Mrushaji Bora anayepewa tuzo ya Cy Young, Mchezaji Mpya Bora na Kocha Bora. Mariners wamo katika American League. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kura hizi hupigwa msimu wa kawaida unapomalizika, kabla ya mechi za muondoano. Kwa hivyo anayoyafanya mchezaji katika kuwania taji hayahesabiwi. Glavu ya Dhahabu, ambayo hutolewa kwa ustadi wa kuzuia na kudaka, kwa miaka mingi ilitegemea kura za makocha wa ligi.

MIAKA YA KUTAFUTA JINA

Mariners walianza vibaya. Katika msimu wa kwanza, 1977, walishinda mechi 64 na kupoteza 98. Miaka 14 ilipita kabla ya kumaliza msimu wakiwa na ushindi mwingi kuliko hasara, jambo lililofanyika 1991 waliposhinda mechi 83 na kupoteza 79.

Lakini tuzo zilianza kuingia mapema. Mnamo 1984 Alvin Davis, aliyecheza katika kituo cha kwanza, alipiga homurani 27 na kuleta alama 116, akatawazwa Mchezaji Mpya Bora wa ligi. Hiyo ndiyo tuzo kubwa ya kwanza kwa klabu. Katika msimu huo huo mrushaji Mark Langston, naye akiwa mgeni ligini, aliongoza American League kwa kuwatoa wapigaji 204 kwa straiki. Aliongoza tena 1986 na 1987. Mwaka huo wa 1987 mwenzake Harold Reynolds aliiba vituo 60 na kuwa kinara wa ligi katika hesabu hiyo.

Kutoka mwanzo huo picha iliyokuja kurudiwa mara nyingi ilikuwa imekwisha kujichora: timu iliyo mkiani au katikati ya jedwali, lakini yenye mchezaji mmoja au wawili wanaoongoza ligi nzima.

GRIFFEY, MARTINEZ NA JOHNSON

Mageuzi yalianza 1987, klabu ilipotumia nafasi ya kwanza katika uteuzi wa chipukizi kumchukua Ken Griffey Mdogo, mwana wa mchezaji mashuhuri wa jina hilohilo. Aliingia katika kikosi cha kwanza Aprili 1989 akiwa na umri wa miaka 19. Mwaka uliofuata baba yake alijiunga naye, na Septemba 14, 1990, baba na mwana walipiga homurani mmoja baada ya mwingine katika mechi moja.

Griffey alinyakua Glavu ya Dhahabu kwa miaka 10 mfululizo, kuanzia 1990 hadi 1999. Aliongoza ligi kwa homurani mara nne: 40 mnamo 1994, 56 mnamo 1997, 56 tena 1998 na 48 mnamo 1999. Katika 1997 aliongeza alama 147 alizoleta kwa gongo lake, na wapiga kura wote 28 wakamweka katika nafasi ya kwanza kuwa Mchezaji Bora wa American League.

Mei 1989 klabu ilimwachilia Langston kwenda Montreal, na miongoni mwa waliopatikana katika mabadilishano hayo alikuwemo Randy Johnson, mrushaji wa mkono wa kushoto mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili. Mwanzoni hakuwa na shabaha. Alipoipata, wapigaji walimwogopa. Aliongoza ligi kwa straiki miaka minne mfululizo, 1992 hadi 1995, na idadi yake ya 1993, wapigaji 308, ndiyo rekodi ya klabu kwa msimu mmoja. Mnamo 1995 alishinda mechi 18 na kupoteza mbili pekee kwa wastani wa alama 2.48, akatuzwa Cy Young.

Wa tatu alikuwa Edgar Martinez, aliyelelewa Puerto Rico na kuitumikia Seattle peke yake katika maisha yake yote ya ligi kuu, 1987 hadi 2004. Aliongoza American League kwa wastani wa kupiga mara mbili: 0.343 mnamo 1992 na 0.356 mnamo 1995. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ya mpigaji maalumu, yaani anayepiga bila kushiriki ulinzi, tuzo inayotolewa kwa wachezaji wa nafasi hiyo ilipewa jina lake 2004.

Msimu wa 1995 unafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndio uliookoa klabu yenyewe. Wamiliki walitaka uwanja mpya, na uwezekano wa timu kuhama Seattle ulikuwa unazungumzwa waziwazi. Mapema Agosti Mariners walikuwa nyuma ya California Angels kwa pengo la mechi 13. Walilifuta pengo hilo, wakalingana, na Oktoba 2 Johnson akawaongoza kuilaza Angels 9-1 katika mechi ya ziada ya kuamua bingwa wa kundi. Siku sita baadaye, katika raundi ya 11 ya mechi ya tano dhidi ya New York Yankees, Martinez alipiga mpira uliowarejesha nyumbani Joey Cora na Griffey kwa ushindi wa 6-5. Mwezi huohuo Bunge la jimbo la Washington liliidhinisha mpango wa fedha za uwanja. Lou Piniella alituzwa Kocha Bora.

Safari hiyo ilikomea mikononi mwa Cleveland, iliyoshinda fainali ya ligi kwa mechi 4-2. Mwaka uliofuata kijana wa miaka 21, Alex Rodriguez, aliongoza ligi kwa wastani wa 0.358, akafunga alama 141 na kupiga mapigo 54 ya vituo viwili. Aliikosa tuzo ya Mchezaji Bora kwa pointi tatu tu, 287 dhidi ya 290 za Juan Gonzalez wa Texas.

Basi katika 1996 na 1997 klabu moja ilikuwa na Griffey, Johnson, Martinez na Rodriguez kwa pamoja. Mnamo 1997 ilipiga homurani 264, rekodi ya ligi kuu iliyodumu hadi 2018. Lakini 1996 haikufuzu kwa mechi za muondoano, na 1997 ilitolewa na Baltimore katika hatua ya kwanza kwa mechi 3-1. Udhaifu ulikuwa kwa warushaji waliomfuata Johnson, hasa wale wa kumalizia mechi. Wapigaji walifunga, nao warushaji wakarudisha.

ICHIRO NA MECHI 116

Kisha nyota wakaondoka. Johnson aliuzwa Houston Julai 1998. Griffey alikwenda Cincinnati Februari 2000. Rodriguez alitia saini mkataba wa dola milioni 252 na Texas mwishoni mwa mwaka huo. Katika 2000 yenyewe mrushaji Mjapani Kazuhiro Sasaki aliokoa mechi 37 na kuwa Mchezaji Mpya Bora akiwa na umri wa miaka 32, naye Martinez akaongoza ligi kwa kuleta alama 145. Lakini wengi waliamini kwamba bila nyota wale watatu klabu ingerudi mkiani.

Kilichotokea 2001 kiliwashangaza wote. Mariners walishinda mechi 116 na kupoteza 46, wakaifikia rekodi ya ushindi mwingi zaidi katika msimu iliyowekwa na Chicago Cubs mnamo 1906. Wachezaji wanane wa klabu walichaguliwa katika mechi ya nyota wa ligi, iliyochezwa Seattle kwenyewe. Bret Boone aliongoza ligi kwa kuleta alama 141. Freddy Garcia aliongoza kwa wastani wa kufungwa wa 3.05. Piniella alitwaa tuzo ya Kocha Bora kwa mara ya pili.

Aliyevuma zaidi alikuwa Ichiro Suzuki, aliyetoka Orix BlueWave ya Japani ambako alikuwa amekuwa bingwa wa wastani wa kupiga miaka saba mfululizo. Wapo waliotilia shaka kama mwili wake mwembamba ungestahimili warushaji wa Marekani. Alijibu kwa mapigo salama 242, wastani wa 0.350 na vituo 56 vya kuiba, akiongoza ligi katika hesabu zote tatu. Alitawazwa Mchezaji Mpya Bora na vilevile Mchezaji Bora, jambo lililokuwa limefanywa na mtu mmoja tu kabla yake, Fred Lynn wa Boston mnamo 1975. Ushindani ulikuwa mkali: Ichiro alipata pointi 289, Jason Giambi wa Oakland 281.

Mechi 116 hazikutosha. Yankees waliwaondoa Mariners katika fainali ya ligi kwa mechi 4-1, kama walivyowaondoa mwaka uliotangulia kwa 4-2. Timu iliyoshinda mechi saba kati ya kila kumi kwa miezi sita ilishindwa mara nne katika wiki moja, na tuzo zote zilizotangazwa Novemba hazikulibadilisha hilo.

Ichiro aliendelea. Alipiga mapigo salama 200 au zaidi kwa misimu 10 mfululizo, 2001 hadi 2010, na katika kila mmoja wa misimu hiyo alipata Glavu ya Dhahabu. Mnamo 2004 alipiga 262, akaivunja rekodi ya 257 ya George Sisler iliyokuwa imesimama tangu 1920. Wastani wake mwaka huo ulikuwa 0.372. Mwaka huohuo timu yake ilishinda mechi 63 na kupoteza 99, ikashika mkia katika kundi lake. Rekodi ya miaka 84 ilivunjwa katika uwanja wa timu ambayo haikuwa na lolote la kushindania.

HERNÁNDEZ NA KURA ILIYOBADILISHA FIKRA

Félix Hernández wa Venezuela alianza kurusha katika ligi kuu Agosti 2005 akiwa na miaka 19. Mashabiki wa Seattle walimpa lakabu ya Mfalme. Kisa chake ndicho kinachoonyesha wazi zaidi tofauti kati ya sifa ya mchezaji na sifa ya timu.

Kwa muda mrefu waandishi walimpima mrushaji kwa mechi alizoshinda. Mnamo 2010 CC Sabathia wa Yankees alishinda 21 na David Price wa Tampa Bay akashinda 19. Hernández alishinda 13 na kupoteza 12. Kwa kipimo cha kale asingetajwa. Lakini ndiye aliyekuwa na wastani mdogo zaidi wa kufungwa katika American League, 2.27, na aliwatoa wapigaji 232 kwa straiki katika karibu raundi 250. Tatizo lilikuwa wenzake: Mariners walifunga alama 513 msimu mzima, chache kuliko klabu yoyote kati ya 30, na kupoteza mechi 101. Mrushaji anaweza kumzuia mpinzani asifunge. Hawezi kuifungia timu yake.

Wapiga kura 21 kati ya 28 walimweka Hernández katika nafasi ya kwanza. Hakuna mrushaji wa kuanzisha mechi aliyekuwa ametwaa Cy Young kwa ushindi mchache hivyo katika msimu kamili. Kura hiyo ilithibitisha kwamba mechi iliyoshindwa huandikwa kwa jina la mtu mmoja ilhali ni kazi ya timu nzima. Njia iliyofunguliwa ilitumiwa na wengine baadaye. 2018 Jacob deGrom wa New York Mets alishinda tuzo hiyo katika National League akiwa na ushindi wa mechi 10 tu.

Agosti 15, 2012, Hernández alirusha mechi kamili dhidi ya Tampa Bay: wapigaji 27 walikuja, 27 wakatolewa, hakuna hata mmoja aliyefika kituoni. Seattle ilishinda 1-0. Mnamo 2014 aliongoza tena ligi kwa wastani wa 2.14, akawa wa pili katika kura za Cy Young. Aliichezea klabu mechi yake ya mwisho Septemba 2019. Katika misimu yake yote 15 hakuwahi kurusha hata mpira mmoja katika mechi ya muondoano, kwani kati ya 2002 na 2021 Mariners hawakufuzu hata mara moja.

KIZAZI KIPYA

Ukame huo ulipokuwa ukielekea ukingoni, vijana walianza kujitokeza. Edwin Díaz aliokoa mechi 57 mnamo 2018, akituzwa kuwa mrushaji bora wa akiba wa ligi. Kyle Lewis alikuwa Mchezaji Mpya Bora katika msimu uliofupishwa na janga la korona, 2020. Julio Rodríguez wa Jamhuri ya Dominika alitwaa tuzo hiyohiyo 2022 kwa homurani 28 na vituo 25 vya kuiba, mwaka ambao klabu ilirejea katika mechi za muondoano, ikaiondoa Toronto, kisha ikafungwa na Houston mechi tatu kwa nunge.

Mwaka wa 2025 ulikuwa wa Cal Raleigh. Kazi ya mdakaji huchosha magoti na mikono, na ndiyo sababu wadakaji hawatarajiwi kuwa vinara wa homurani. Rekodi ya mdakaji ilikuwa 48, ya Salvador Perez wa Kansas City mnamo 2021. Rekodi ya anayepiga kwa pande zote mbili, kulia na kushoto, ilikuwa 54, ya Mickey Mantle wa Yankees mnamo 1961. Rekodi ya Seattle ilikuwa 56 za Griffey. Raleigh alizipita zote tatu akafikisha 60, na akaongoza ligi pia kwa kuleta alama 125.

Tuzo ya Mchezaji Bora hata hivyo ilikwenda kwa Aaron Judge wa Yankees, aliyekuwa na homurani 53 na wastani wa 0.331. Kura za nafasi ya kwanza zilikuwa 17 kwa 13, pointi 355 kwa 335. Waliomuunga mkono Judge walitazama wastani wake. Waliomuunga mkono Raleigh walitazama uzito wa kazi ya mdakaji, ambao hauingii katika hesabu za gongo.

Klabu ilikuwa imetwaa ubingwa wa kundi lake kwa mara ya kwanza tangu 2001. Iliitoa Detroit kwa 3-2 katika raundi ya 15 ya mechi ya tano. Katika fainali ya ligi dhidi ya Toronto ilishinda mechi mbili za kwanza ugenini, na baada ya mechi tano iliongoza 3-2. Toronto ilisawazisha. Katika mechi ya saba, Oktoba 20, Seattle iliongoza 3-1, moja ya alama hizo ikitokana na homurani ya Raleigh, hadi George Springer alipopiga homurani ya alama tatu katika raundi ya saba. Matokeo yalikuwa 4-3. Mariners walikuwa wamebakisha raundi mbili na nusu kufika World Series.

VINARA WA KLABU WA MUDA WOTE

Hesabu zifuatazo ni za muda ambao mchezaji aliitumikia Seattle pekee.

Mechi nyingi zaidi: Edgar Martinez, 2,055
Mapigo salama: Ichiro Suzuki, 2,542, Martinez, 2,247
Homurani: Ken Griffey Mdogo, 417, Martinez, 309, Jay Buhner, 307
Alama za gongo: Martinez, 1,261, Griffey, 1,216
Alama alizofunga mwenyewe: Martinez, 1,219, Ichiro, 1,181
Mapigo ya vituo viwili: Martinez, 514
Vituo vya kuiba: Ichiro, 438
Mechi alizoshinda mrushaji: Félix Hernández, 169, Jamie Moyer, 145, Randy Johnson, 130
Straiki: Hernández, 2,524, Johnson, 2,162
Mechi zilizookolewa: Kazuhiro Sasaki, 129

REKODI ZA MSIMU MMOJA

Wastani wa kupiga: Ichiro, 0.372 (2004)
Mapigo salama: Ichiro, 262 (2004)
Homurani: Cal Raleigh, 60 (2025)
Alama za gongo: Griffey, 147 (1997)
Alama alizofunga mwenyewe: Alex Rodriguez, 141 (1996)
Vituo vya kuiba: Harold Reynolds, 60 (1987)
Mechi alizoshinda mrushaji: Moyer, 21 (2003)
Straiki: Johnson, 308 (1993)
Mechi zilizookolewa: Edwin Díaz, 57 (2018)

TUZO KUU

Mchezaji Bora: Griffey (1997), Ichiro (2001)
Cy Young: Johnson (1995), Hernández (2010)
Mchezaji Mpya Bora: Alvin Davis (1984), Sasaki (2000), Ichiro (2001), Kyle Lewis (2020), Julio Rodríguez (2022)
Kocha Bora: Lou Piniella (1995, 2001)
Tuzo ya Roberto Clemente kwa huduma kwa jamii: Reynolds (1991), Moyer (2003), Martinez (2004)

UKUMBI WA MASHUJAA

Heshima ya juu kabisa ni kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa mjini Cooperstown, New York, ambako mchezaji huhitaji asilimia 75 ya kura za waandishi. Johnson aliingia 2015, ingawa kwa kofia ya Arizona alikotwaa taji la World Series mnamo 2001. Griffey alifuata 2016 kwa kura 437 kati ya 440. Martinez alisubiri hadi mwaka wake wa kumi na wa mwisho wa kupigiwa kura, 2019, kwa sababu baadhi ya waandishi waliona kwamba asiyelinda si mchezaji kamili. Ichiro aliingia 2025 kwa kura 393 kati ya 394, akiwa wa kwanza kutoka Asia.

Kati ya wanne hao ni Johnson pekee aliyewahi kushinda World Series, na aliishinda miaka mitatu baada ya kuondoka Seattle, katika mwaka uleule ambao klabu yake ya zamani ilishinda mechi 116. Griffey na Martinez walistaafu bila kuicheza, naye Ichiro vivyo hivyo.

Katika besiboli mpigaji husimama mbele ya mrushaji peke yake, na kila tendo lake huhesabiwa na kuandikwa kwa jina lake. Ndiyo maana hakuna mchezo wa timu ulio na takwimu nyingi za mtu mmoja mmoja kuliko huu. Lakini hata aliye bora hupata zamu nne au tano tu za kupiga katika mechi. Zamu zinazobaki ni za wenzake wanane. Kidole kimoja hakivunji chawa, na klabu iliyovipata vidole imara kuliko vya wengi kwa karibu miaka 50 bado haijavikutanisha kwa wakati mmoja katika mwezi wa Oktoba.